KUOA, KUOLEWA NA KUOANA: KITENZI CHA NDOA NA TATIZO LA KUITAFSIRI JANE EYRE

1.0 Utangulizi

Riwaya ya Jane Eyre ilichapishwa London mnamo Oktoba 1847, katika juzuu tatu, kwa jina la bandia la Currer Bell. Mwandishi wake halisi, Charlotte Brontë (1816-1855), alikuwa binti wa kasisi wa Haworth, katika jimbo la Yorkshire. Kisa chenyewe, kwa wale ambao hawajakisoma au waliokisoma zamani, ni hiki. Jane ni yatima anayelelewa kwa chuki na mkaza mjomba wake, kisha anapelekwa Lowood, shule ya watoto maskini, ambako anakaa miaka 8: 6 akiwa mwanafunzi na 2 akiwa mwalimu. Akiwa na umri wa miaka 18 anapata kazi ya kumfundisha mtoto wa Kifaransa katika jumba la Thornfield. Mwenye jumba, Edward Rochester, ni mwanamume anayekaribia miaka 40, mkali, mwenye kejeli, aliyezunguka Ulaya miaka 10 akitafuta cha kumsahaulisha siri yake. Wanapendana. Siku ya harusi, mbele ya kasisi, yanafichuka mambo: Rochester ana mke, Bertha Mason wa Jamaika, ambaye amefungiwa katika ghorofa ya tatu ya jumba hilohilo. Jane anatoroka. Anapata urithi, anakataa posa ya kasisi St John Rivers, na mwishowe anarudi kwa Rochester, ambaye sasa ni kipofu na amepoteza mkono mmoja katika moto ulioiteketeza Thornfield na kumwua Bertha. Ndipo wanapofunga ndoa.

Mapenzi baina ya mwanamume aliyeharibikiwa na msichana asiyeijua dunia ni jambo la kawaida katika fasihi za mataifa mengi, na si haba yale yanayomalizika kwa msichana kumezwa. Swali ambalo wasomaji wa riwaya hii wamekuwa wakijiuliza kwa zaidi ya karne moja na nusu ni iwapo Jane naye amemezwa. Sandra Gilbert na Susan Gubar walilijadili mwaka 1979 kwa kumtazama Bertha kama kivuli cha Jane mwenyewe. Gayatri Spivak, mwaka 1985, alihoji ni gharama gani anayolipishwa mwanamke wa makoloni ili mwanamke wa Kiingereza apate kuwa mtu kamili. Makala hii haikusudii kuirudia mijadala hiyo. Inalileta swali lilelile katika uwanja wa isimu ya Kiswahili: mtafsiri anapoyatia mapenzi haya katika vitenzi, viambishi na majina ya heshima ya lugha yetu, je, usawa ambao Jane anaudai unabaki, au unapotea njiani pasipo mtu yeyote kukusudia?

Tangu Mwalimu Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, mazungumzo yetu juu ya tafsiri yameelekea zaidi kwenye msamiati na ushairi. Kwa maoni yetu mnyambuliko wa kitenzi umesahauliwa mno. Mtafsiri hutumia siku nzima kutafuta jina la ua ambalo halioti kwetu, kisha akaandika olewa bila kufikiri hata dakika moja.

2.0 Kutawa, kutawishwa, kufungiwa

Tuanze na hali ya Jane kabla hajampenda mtu. Kiswahili kina kitenzi kinachomfaa sana, nacho ni tawa, yaani kukaa ndani, kujitenga na watu, kuishi kwa uchaji. Mtawa ni mcha Mungu, na katika matumizi ya Kikatoliki ni mwanamke aliyeweka nadhiri. Maana hizi mbili zinakutana vizuri katika sura ya 13, ambapo Rochester anamdadisi Jane juu ya Lowood na kumwambia kwamba ameishi maisha ya watawa wa kike. Ana haki ya kusema hivyo. Kwa miaka yote 8 Jane hakutoka shuleni, hata wakati wa likizo.

Lakini mnyambuliko unatulazimisha kuuliza swali ambalo Kiingereza kinaweza kulikwepa. Ukisema Jane alitawa, umemfanya mtendaji wa utawa wake. Ukisema alitawishwa, umemtaja, ingawa hukumtamka jina, mtu aliyemweka ndani. Lowood ni kutawishwa: mkaza mjomba na Brocklehurst, msimamizi wa shule, ndio waliopanga. Hata hivyo ni Jane aliyeandika tangazo gazetini kutafuta kazi, bila kumshauri mtu yeyote, na kuanzia hapo kila uamuzi wa kukaa au kuondoka ni wake. Mtafsiri makini atatumia kauli ya kutendeshwa katika sura za mwanzo na kuiacha polepole.

Bertha hatawi wala hatawishwi. Bertha amefungiwa. Kiambishi -i- cha kutendea pamoja na -w- cha kutendwa vinasema kwamba tendo limefanywa juu yake, kwa faida ya mwingine. Wanawake wawili, basi, wanaishi ndani ya nyumba moja, wote hawaijui dunia ya nje, na tofauti yao inaweza kuonekana katika silabi mbili za kitenzi. Msomaji wa Kiingereza hulazimika kuikusanya tofauti hii kutoka katika maelezo marefu. Sioni kwa nini sisi tuitupe ilhali lugha imetupa bure.

3.0 Bwana gani?

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Jane humwita Rochester kwa neno la heshima ambalo mtumishi wa Kiingereza alilitumia kwa mkubwa wake, na katika usimulizi humtaja mara nyingi kama mwenye mamlaka juu yake. Anaendelea hivyo hata baada ya kuchumbiwa, ingawa Rochester amemtaka amwite Edward. Zaidi ya hayo, bado anatumia neno lilelile la heshima katika sura ya 37, huko Ferndean, wakati yeye ni tajiri na huyo anayeheshimiwa ni kipofu anayepapasa njia. Hapo neno limebadilika maana bila kubadilika umbo: lilianza kuwa alama ya ujira, sasa ni mzaha wa mapenzi. Mvutano huo ndio uhai wa mazungumzo yao.

Neno la kwanza linalomjia Mswahili ni bwana. Ni sahihi, na hapo ndipo penye hatari. Bwana ni mkubwa wa kazi. Bwana ni mtu yeyote wa kiume anayestahili adabu. Bwana ni mume, kama mwanamke anavyosema bwana wangu. Na Bwana, kwa herufi kubwa, ni Mungu. Lugha yetu imekwisha kuunganisha kile ambacho riwaya inakichukua sura 38 kukitenganisha. Jane akisema bwana kwa tajiri wake katika sura ya 13 na akisema bwana kwa mchumba wake katika sura ya 24, msomaji wetu haoni kitu cha ajabu: mume ni bwana, kuna nini hapo? Lakini katika sura hiyo ya 24 Jane anapigania jambo lenyewe hasa. Anakataa vito na nguo za hariri, anataka aendelee kumfundisha Adèle na kwa kazi hiyo ajipatie chakula na malazi, pamoja na mshahara wake wa pauni 30 kwa mwaka, hadi siku ya ndoa. Anaogopa kwamba bwana wa kazi atageuka bwana wa nyumba pasipo yeye kupata nafasi ya kuwa mtu baina ya mabwana hao wawili.

Inafaa tukumbuke sheria ya wakati ule. Mali ya mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa, kwa kanuni ya jumla, iliingia mikononi mwa mumewe. Ni Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa ya mwaka 1882 iliyokuja kumwachia mke mali yake kwa ukamilifu. Woga wa Jane haukuwa wa kishairi. Ulikuwa wa kisheria.

Ninapendekeza kwamba katika sura za Thornfield mtafsiri atumie tajiri kwa mwajiri, katika maana yake ya zamani ambayo wazee wa pwani wanaielewa vizuri: tajiri wangu, yaani mtu aliyeniajiri. Neno mwajiri ni safi kisarufi lakini lina harufu ya ofisi ya kazi. Tajiri lina faida nyingine. Katika sura ya 33 Jane anarithi pauni 20,000 kutoka kwa baba yake mdogo aliyefia Madeira, anazigawa mafungu 4 na kubaki na 5,000. Anaporudi kwa Rochester, tajiri wa zamani anakutana na tajiri mpya, na neno linajicheka lenyewe. Bwana litumike kwa uchache, na pale tu ambapo utata wake unahitajika. Mwishoni mwa makala tutaonyesha mahali pamoja pa namna hiyo.

Kuhusu namna Rochester anavyomwita Jane, sina mengi. Bi Eyre linatosha mwanzoni, na jina tupu linapokuja linajieleza. Ila mtafsiri asithubutu kumfanya Jane yaya. Kazi yake ni ya ualimu wa nyumbani, na kiburi chake chote kimesimama juu ya tofauti hiyo.

4.0 Kiumbe yule au kiumbe kile

Kabla ya kuingia katika ndoa yenyewe lazima tupite mlangoni mwa Bertha, kwa kuwa ndoa hiyo imejengwa juu ya kufungiwa na kufa kwake. Historia yake inajulikana: baba yake Rochester, asiyetaka kugawanya shamba, alimwachia kaka mtu urithi wote na kumtuma huyu mdogo Jamaika akaoe mali. Mahari iliyotoka upande wa mwanamke, kwa desturi ya Wazungu, ilikuwa pauni 30,000. (Msomaji anaweza kupiga hesabu: mwalimu wa Adèle angehitaji miaka 1,000 kuzipata.) Mke alipopata wazimu, hakukuwa na njia ya kuachana naye. Kabla ya sheria ya mwaka 1857 talaka kamili nchini Uingereza ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, na wazimu haukukubaliwa kuwa sababu ya talaka hadi mwaka 1937. Rochester alikuwa amefungwa kweli. Lakini aliyefungiwa ni Bertha.

Katika sura ya 26, Jane anapomwona, msimulizi anasema hakuweza kutambua kama ni mnyama au mtu, na kwa sentensi kadhaa anamtaja kwa kiwakilishi ambacho Kiingereza hukiweka kwa vitu na wanyama. Kisha kiwakilishi cha mwanamke kinaingia. Mabadiliko hayo ya maneno madogo yamezua mjadala mkubwa, na ndiyo yaliyomchochea, kwa namna moja au nyingine, Jean Rhys, mzaliwa wa Dominika, kuandika Wide Sargasso Sea (1966) ili Bertha apate kusema.

Kiswahili hakina kiwakilishi cha mke na mume, jambo ambalo huwafariji wanafunzi wetu wanaodhani kwamba tumeepuka tatizo. Hatukuliepuka. Tuna ngeli. Nomino kiumbe huweza kuchukua upatanisho wa umbo lake, kiumbe kile kilinguruma, au upatanisho wa viumbe hai, kiumbe yule alinguruma. Chaguo la kwanza linamweka Bertha pamoja na viti na vikapu. La pili linamrudisha katika watu kabla msimulizi hajawa tayari kumrudisha. Mtafsiri mwenye huruma atavutwa na la pili. Nashauri la kwanza, kisha kubadilisha upatanisho palepale ambapo Brontë anabadilisha kiwakilishi. Kumsafisha Jane hapa ni kumdanganya msomaji: msichana huyu aliyetawishwa, anayedai utu wake kwa ufasaha mkubwa, ananyima mwenzake utu kwa kiambishi kimoja. Hilo ni sehemu ya hadithi.

5.0 Kitenzi cha ndoa

Sasa tufike kwenye oa. Kamusi zetu hulifafanua tendo hili kwa upande wa mwanamume. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wazazi au walii huoza, na wawili pamoja huoana. Posa nayo hufuata mkondo huohuo: mwanamume huposa, mwanamke huposwa, tena posa haipelekwi kwa msichana bali kwa wazee wake, kwa mkono wa mshenga. Jane hana mshenga, hana walii wala mtu wa kumwoza. Katika harusi ile ya kwanza hakuna msindikizaji hata mmoja. Nafasi nzima ya mwozaji iko wazi. Anayejaribu kuijaza baadaye ni St John Rivers, ambaye anamfundisha Kihindustani na kumtaka waende India, akijifanya mposaji na mwozaji kwa pamoja: anamwoza Jane kwa kazi ya Mungu. Jane yuko tayari kwenda akiwa msaidizi, si mke. Hapa kitenzi chetu kinaeleza ubaya wa posa hiyo kwa ufupi kuliko Kiingereza.

Kinapokuja kwenye sura ya 38 ndipo kinapotukwaza. Sura hiyo inafunguka kwa sentensi fupi mno, yenye kumwita msomaji, ambamo kiima ni nafsi ya kwanza umoja, kitenzi ni cha ndoa katika kauli ya kutenda, na yambwa ni Rochester. Kwa Kiingereza hakuna kosa la kisarufi hapo. Kitenzi chao hakibagui: mume anaweza kuwa kiima na mke pia. Nguvu ya sentensi inatokana na kuchagua mimi badala ya sisi, na kumweka mwanamume katika nafasi ya yambwa.

Tuna maumbo matatu. La kwanza ni niliolewa naye. Ni la kawaida, halimshtui mtu, na linageuza sentensi kichwa chini: mtendaji amekuwa mtendwa. La pili ni tulioana, linalopendwa na vijana na wahariri. Ni umbo la haki, lakini linagawanya tendo kwa mizani ya duka, na Jane hakugawanya. La tatu ni nilimwoa. Umbo hili lina ajabu yake. Kiambishi cha yambwa hakionyeshi jinsi, kwa hiyo sentensi ikitolewa katika muktadha wake, kila Mswahili atadhani msemaji ni mwanamume. Na ikirudishwa katika muktadha, kuna tusi linalonyemelea nyuma yake, kwa kuwa mwanamke akioa basi mwanamume ameolewa. Sote tunajua ni mwanamume gani anayesemwa kwamba ameolewa: yule aliyehamia nyumbani kwa mke, anayelishwa na kuongozwa.

Je, kizuizi hiki ni cha jinsi ya mtu, au cha nafasi anayoishika? Ushahidi unaelekea upande wa pili. Miongoni mwa Wakurya kuna desturi iitwayo nyumba ntobhu, ambayo kwayo mwanamke mwenye mali hutoa mahari na kumleta nyumbani kwake mwanamke mwingine ili amzalie watoto wa ukoo. Wasemaji wa Kiswahili wanapoieleza desturi hiyo husema, bila kusitasita, kwamba yule mkubwa amemwoa mdogo. Kiima cha oa, basi, si lazima kiwe mwanamume. Ni yule mwenye nyumba, anayeingiza mtu ndani. Hata dhihaka ya mwanamume aliyeolewa inathibitisha jambo hilohilo.

Tukipima kwa kigezo hiki, Jane anakifikia kwa sehemu tu, na haifai tujidai vingine. Ferndean ni nyumba ya Rochester, na Rochester hakufilisika. Lakini Jane ndiye aliyemfuata bila kuitwa na mjumbe yeyote. Amekwisha kumwambia kwamba, asipomkubali, anaweza kujenga nyumba yake mwenyewe karibu na mlango wake. Ndiye anayemshika mkono na kumwonyesha njia, anayemsomea, anayemwelezea mashamba na mawingu. Naye Rochester anaijua fedheha iliyo mbele yake. Kabla ya kukubali anamwuliza Jane mara mbili kama yu radhi na kipofu wa kuongozwa, na kilema aliyemzidi miaka 20. Kwa Kiswahili, anachokiogopa Rochester ni kuolewa. Brontë hakuwa na kitenzi hicho, lakini alikiandika chote.

Kwa sababu hiyo nashikilia nilimwoa, pamoja na tusi lake. Kama dhihaka hiyo isingekuwamo riwayani, umbo hili lingekuwa ziada ya mtafsiri. Imo, na ukurasa wa mwisho kabla ya ndoa umeshughulika nayo waziwazi. Wapo watakaosema kwamba mhariri atalifuta akidhani ni kosa la chapa. Na alifute kwanza, kisha aulizwe sababu.

Kuna hoja nyingine, na kwangu hii ndiyo nzito zaidi. Mistari michache tu baada ya sentensi ile, Jane anatoka kanisani, anaingia jikoni na kumpa habari mpishi, Mary. Kwa Mary hatumii kauli ya kutenda. Anatumia umbo la kutendwa, lile la desturi, kwamba yeye amekwisha kufungishwa ndoa na mwenye nyumba asubuhi ile. Na Mary, aliyekuwa akimwagia kuku mchuzi, anamjibu kwa kauli hiyohiyo. Habari ni moja, tukio ni moja, msemaji ni mmoja. Mbele ya jikoni Jane ni mwanamke aliyeolewa kama wote; mbele ya msomaji, faraghani, yeye ndiye aliyetenda. Kiingereza kinaionyesha tofauti hii kwa unyonge, maana kitenzi chake kinavumilia pande zote mbili, na wasomaji wengi wanaipita. Mtafsiri anayeandika olewa katika sehemu zote mbili ameufuta ukurasa. Akiweka oa kwa msomaji na olewa kwa Mary, msomaji wa Kiswahili atasikia kile ambacho Mwingereza alihitaji kukitega sikio.

Na ni hapo jikoni, katika taarifa aliyopewa mpishi, ambapo neno bwana lililowekwa akiba tangu Thornfield linaweza kutoka mbele ya jina la Rochester. Mary atasikia mwenye nyumba, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyomjua siku zote. Jane, aliyekwisha kusema na msomaji, atakuwa amemtaja mume.